Dawa ya Unga kwa Mwenye Pumu

Mama akitwanga muhogo hapa Lusenda, utaona unga mzito unabaki katika kinu, bali vumbi jepesi linaruka na kuingia puani. Dawa ya unga ya kuvutwa nayo hufuata njia hiyo. Ukigawanya milimita moja mara 1,000, chembe ya dawa hiyo ni sehemu 1 mpaka 5 tu. Chembe kubwa kuliko hizo hukwama kooni. Zilizo ndogo zaidi, nyingi hutoka tena pamoja na pumzi.

Lakini unga mwembamba hivyo hushikamana. Kwa hiyo watengenezaji huuchanganya na laktosi, ndiyo sukari ya maziwa, yenye chembe kubwa. Dawa hukaa juu ya sukari kama vumbi juu ya punje. Mgonjwa akivuta kwa nguvu, dawa hubanduka ikaenda mapafuni; sukari hubaki kinywani na kooni.

Angalia sana: chombo hiki hakina nguvu yake chenyewe, nguvu ni pumzi yako. Kwanza toa pumzi nje, si ndani ya chombo, maana unyevu wa kinywa utafanya unga kuwa madonge. Kisha vuta upesi na kwa nguvu, uzuie pumzi ukihesabu mpaka 10. Hewa ya ziwa nayo ina unyevu, basi funga kifuniko, wala usioshe chombo kwa maji.

Mtoto mdogo, na mtu aliyebanwa hata hawezi kusema, hawana pumzi ya kutosha. Usitegemee unga tu. Mpeleke hospitali upesi.