Somo la Biblia: Nyumba ya wamisionari wanaosafiri

Wanandoa wanaotumwa nchi ya kigeni kumtumikia Bwana hugundua mapema kwamba kazi haikai mahali pamoja. Kuna vijiji vya kutembelea, semina za kufundisha, mikutano ya makao makuu, na wafadhili wanaotaka kuonyeshwa mradi. Mara nyingi ni mmoja tu anayesafiri. Mwenzake anabaki katika mji ambao hana ndugu, hajaijua lugha vizuri, na kila jioni watoto wanauliza safari itaisha lini.

Wengi hawalisemi jambo hili. Anayesafiri anaona kwamba kulalamika ni kukosa shukrani kwa watu waliochanga na kuomba ili yeye aende. Anayebaki anaogopa kuonekana kuwa anaizuia kazi ya Mungu. Hivyo wote wawili wananyamaza, na nyumba inaumia polepole.

Somo hili linaweza kutumiwa na mume na mke wakiwa nyumbani kwao, na kikundi cha wamisionari, au na kamati ya kanisa au shirika linalowatuma. Someni kila fungu la Biblia kwanza, kisha someni maelezo.

Mkwe aliyeleta familia

Someni Kutoka 18:1-27.

Sura hii hufundishwa sana katika semina za uongozi. Yethro anamwona Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi mpaka jioni. Anamwambia kwamba kwa njia hiyo atachoka yeye na watu pia. Anamshauri achague watu waaminifu wa kusimamia maelfu, mamia, hamsini na makumi, na yeye abaki na mashauri makubwa.

Lakini tunasahau jinsi ziara hiyo ilivyoanza. Mstari wa 2 hadi wa 6 unaeleza kwamba Musa alikuwa amemrudisha Sipora, mkewe, kwa baba yake, pamoja na wana wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Biblia haitoi sababu. Inasema tu kwamba Yethro alifunga safari mpaka jangwani akiwa nao. Kabla ya kumletea mkwewe ushauri wowote, alimletea mke na watoto. Kesho yake ndipo alipoiona kazi na kusema kwamba mzigo ule ni mzito mno kwa mtu mmoja.

Mambo haya mawili yako katika sura moja, na ni vizuri kuyasoma pamoja. Mtu ambaye kila shauri ni lazima lifike kwake hana jioni ya kukaa na watoto wake. Kugawa kazi kunasaidia kazi, na pia kunamrudisha mtu nyumbani kwake. Katika mstari wa 23 Yethro anamaliza kwa kusema kwamba hata watu wale watarudi makwao wakiwa na amani. Bila shaka Musa naye alikuwa na hema la kurudia.

Tuangalie pia ni nani aliyesema. Alikuwa mzee wa familia. Tukiwa nyumbani kwetu tunao watu wa namna hiyo: wazazi, wakwe, shangazi, na wasimamizi wa ndoa yetu. Wakiona mambo hayaendi sawa, watakuja, watakaa, watauliza. Ugenini hakuna anayebisha hodi kwa kazi hiyo. Bosi anauliza habari za mradi, na kanisa lililotuma linauliza habari za huduma. Ni nani anayeuliza habari za nyumba?

Akila na Prisila: nyumba iliyohama na kazi

Someni Matendo 18:1-4, 18-19 na 24-26, Warumi 16:3-5, na 1 Wakorintho 16:19.

Akila alizaliwa Ponto, katika nchi inayoitwa Uturuki leo. Yeye na mkewe Prisila waliishi Rumi mpaka Kaisari Klaudio alipoamuru Wayahudi waondoke katika mji huo. Wakahamia Korintho. Huko walimkaribisha Paulo, ambaye alikuwa na ufundi kama wao wa kushona mahema. Baadaye walisafiri naye mpaka Efeso, naye akawaacha huko akaendelea na safari. Tunapofika katika Waraka kwa Warumi, wako Rumi tena.

Kwa hiyo wanandoa hawa walijua kufunga mizigo. Lakini angalieni mambo matatu.

Kwanza, katika Agano Jipya kila wanapotajwa, wanatajwa pamoja. Hatusomi kwamba mmoja alikuwa na huduma na mwenzake alikuwa akimsubiri.

Pili, kila walipofika walifungua nyumba, na nyumba hiyo ilikuwa mahali pa huduma. Korintho ilikuwa karakana na malazi ya mgeni. Efeso na Rumi kanisa lilikutana kwao. Apolo alipohitaji kuelezwa Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, hawakumsahihisha mbele ya watu. Walimchukua kwao.

Tatu, Paulo ndiye aliyeendelea na safari kutoka Efeso, nao wakabaki. Kubaki kwao hakukuwa kushindwa. Bila wao kubaki, Apolo angekutana na nani?

Biblia haisemi kama walikuwa na watoto, na hatuwezi kudai kwamba kila familia inaweza kuhama kama wao. Lakini inatuonyesha kwamba nyumba si kitu kinachongoja mpaka kazi ya Mungu iishe. Nyumba ni sehemu ya kazi hiyo.

Mfano kutoka historia: mama na binti

Robert Moffat na Mary mkewe walitoka Uingereza wakaoana Cape Town mwaka 1819. Walifanya kazi Kuruman, kaskazini mwa Afrika Kusini ya leo, mpaka mwaka 1870. Robert alisafiri sana. Kati ya mwaka 1829 na 1860 alikwenda mara tano kwa Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, kwa gari la kukokotwa na maksai, na kila safari ilichukua muda mrefu. Upweke ulikuwepo. Lakini palikuwa na nyumba moja, bustani moja na kisima kimoja cha kurudia, na kazi ilikua mahali hapo. Huko Kuruman ndiko Robert alikotafsiri Biblia nzima katika Kitswana, akamaliza mwaka 1857.

Binti yao, naye akiitwa Mary, alizaliwa mwaka 1821. Alikijua Kitswana vizuri, akafundisha watoto wadogo shuleni. Mwaka 1845 aliolewa na mmisionari kijana aliyeitwa David Livingstone. Katika miaka michache walijenga makazi mahali patatu: Mabotsa, Chonuane na Kolobeng.

Mwaka 1850 David alimchukua Mary, akiwa mjamzito, pamoja na watoto watatu katika safari ya kwenda Ziwa Ngami. Watoto waliugua homa. Waliporudi, Mary alijifungua mtoto wa kike, ambaye alikufa baada ya wiki chache. Mwaka uliofuata walisafiri tena, naye Mary akiwa mjamzito tena. Mama yake alimwandikia David barua kali kupinga safari hiyo, lakini walikwenda. Jangwani walipungukiwa na maji kwa siku kadhaa. Mtoto wa kiume alizaliwa njiani, kando ya mto, mwezi Septemba 1851.

Baada ya hapo David aliona kwamba familia haiwezi kuendelea hivyo. Aprili 1852 aliwapandisha meli Cape Town kwenda Uingereza, mke na watoto wanne. Yeye alivuka Afrika kutoka Luanda hadi Quelimane. Alirudi kwao Desemba 1856. Katika muda huo wa zaidi ya miaka minne, Mary aliishi kwa fedha kidogo katika nchi asiyoizoea, akihama kutoka nyumba hadi nyumba.

Mwaka 1858 walisafiri pamoja kuja Zambezi, lakini ikagundulika kwamba ni mjamzito, naye akaachwa Cape Town. Walikutana tena mwanzoni mwa mwaka 1862. Tarehe 27 Aprili mwaka huo huo Mary alikufa kwa malaria huko Shupanga, katika nchi ya Msumbiji ya leo. Alikuwa na umri wa miaka 41. Katika miaka 17 ya ndoa yao, karibu nusu walikuwa mbalimbali. Mtoto wao wa mwisho, aliyezaliwa 1858, alimwona baba yake kwa mara ya kwanza mwaka 1864.

Hatusemi haya ili kumhukumu Livingstone. Wasomaji wa Ujiji na Bagamoyo wanalijua jina lake, na wanajua jinsi alivyopinga biashara ya watumwa. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba malaria huenezwa na mbu. Lakini yeye mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1857 kwamba alijuta kwa kutotenga muda wa kucheza na watoto wake, kwa sababu jioni alikuwa amechoka mno. Yethro aliyaona hayo kwa Musa. Mama yake Mary aliyaona pia, akaandika barua. Tofauti ni kwamba Musa alisikiliza.

Tufanye nini?

Safari hazitaisha. Lakini tunaweza kuzipanga ili mzigo usimwelemee mtu mmoja.

Amueni wawili. Kabla ya kumjibu mtu kwamba utakuja, zungumza na mwenzako. Wekeni kalenda moja ukutani, na muandike humo siku za safari pamoja na siku za shule, kliniki na kuzaliwa kwa watoto. Kubalianeni idadi ya usiku katika mwezi ambayo haitazidishwa bila mazungumzo mapya.

Kabidhianeni kabla ya kuondoka. Anayebaki ajue fedha zilipo, tarehe ya kulipa kodi ya nyumba, vibali vya kuishi vinakwisha lini, na jirani au mchungaji wa kumwita usiku mtoto akiugua. Msafiri aache nakala ya pasipoti yake na ratiba ya safari.

Wapeni watoto ukweli. Waambieni tarehe ya kurudi, na ikibadilika waambieni mapema. Simu ya dakika kumi kila jioni kwa saa ile ile ina faida kuliko zawadi kubwa siku ya kurudi.

Pangeni siku ya kurudi. Msafiri anarudi amechoka, anataka kulala. Aliyebaki naye amechoka, anataka mtu wa kupokea mzigo. Hapo ugomvi huanza kwa jambo dogo. Afadhali siku ya kwanza isiwe na wageni wala ripoti. Msafiri naye asije akabadilisha taratibu ambazo mwenzake ameziweka wakati hayupo. Aulize kwanza.

Itambueni kazi ya anayebaki. Mara nyingi kibali cha mwenzi hakimruhusu kuajiriwa katika nchi ya kigeni, hata kama kwao alikuwa mwalimu au muuguzi. Tafuteni pamoja huduma anayoweza kuifanya kihalali, na apewe nafasi ya kujifunza lugha. Mara moja moja yeye asafiri, na yule mwingine abaki na watoto.

Kwa mashirika na makanisa yanayotuma. Bajeti ya safari isihesabu nauli na malazi ya msafiri tu. Ihesabu pia gharama za nyumba anayoiacha, na nauli ya familia nzima angalau mara chache. Mteueni mtu mmoja, asiye msimamizi wa kazi, wa kuwauliza wanandoa habari zao, kila mmoja peke yake. Awe na ruhusa ya kusema kwamba safari hii isubiri. Kama mama ni mjamzito, au kuna mtoto mchanga, pateni ushauri wa daktari kabla ya kuwapeleka sehemu yenye malaria.

Maswali ya majadiliano

1. Ni nani katika maisha yenu anayeweza kufanya kazi ya Yethro? Kama hayupo, mtamtafuta wapi?
2. Ni safari zipi za mwaka uliopita ambazo mtu mwingine angeweza kwenda, hasa mwenyeji wa nchi hiyo?
3. Akila na Prisila walitumia nyumba yao kwa huduma. Je, nyumba yenu ina wageni wachache mno, au wengi mno? Watoto wanasemaje?
4. Mngekuwa wajumbe wa kamati iliyopokea barua ya mama yake Mary mwaka 1851, mngeamua nini?
5. Kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja ambalo ameogopa kulisema kuhusu safari. Anayesikiliza asijibu kwa siku hiyo.

Sala

Mwombeni Mungu awalinde wanaosafiri na wanaobaki. Mshukuruni kwa ajili ya wazee wanaothubutu kusema, na mwombe awape viongozi masikio ya kuwasikiliza. Kisha wakumbukeni kwa majina watoto wa wamisionari mnaowafahamu. Kama hamyajui majina yao, anzeni kwa kuwaandikia wazazi na kuwauliza.