Kubainisha Aibu ya Mnyama Auzwapo

Katika vilima vya Ikinga, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, mwenye mbuzi humjua mbuzi wake kama amjuavyo mwanawe: huyu jicho lake hutoka machozi, yule hupiga teke akamwaga maziwa, na yule alikatwa ncha ya sikio kwa kutiwa alama. Mambo haya kwake ni madogo. Lakini mbuzi akisha kutoka mkononi mwake, akafikishwa njia kuu karibu na Tunduma, akapakiwa motokaa kwenda Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, ujuzi ule haupakiwi pamoja naye. Anunuaye pwani humwona mbuzi tu.

Mas'ala ni haya: je, aibu ndogo kama hizo yapasa kutajwa? Jawabu ni kuwa yapasa, na mwenye kuificha hali aijua apata dhambi, ijapokuwa mnunuzi hakuuliza.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii hawakuipima aibu kwa ukubwa wake machoni. Wamesema ni kila kinachopunguza mwili wa kitu au thamani yake, hata likakoseka kwa ajili yake kusudio lililo sahihi, ikiwa kwa desturi wa jinsi ile hawana upungufu huo. Basi asiyejua kusudio la mnunuzi hawezi kusema kwamba aibu ni ndogo.

Hilo ladhihirika katika kisa cha Sahaba Wathila bin Al-Asqa, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alichokitaja Imamu Ghazali katika Ihyaa. Mtu aliuza ngamia kwa dirhamu 300, na Wathila alikuwapo lakini alighafilika mpaka mnunuzi akaenda zake na ngamia. Alipotanabahi alimkimbilia akimpigia kelele, akamwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Akajibiwa kuwa ni kwa kupanda. Hapo akamweleza kwamba kwato ya ngamia ina tundu, naye hataweza kuendelea na safari. Yule mtu akarudi, na mwenye ngamia akapunguza dirhamu 100. Mwuzaji akamlaumu Wathila kwamba amemharibia bei yake, naye akamjibu kwa neno alilolisikia kwa Bwana Mtume (s.a.w.): si halali kuuza kitu bila ya kubainisha aibu yake, wala si halali kwa aijuaye kunyamaza. Aangaliwe Wathila alianza na swali gani. Lau ngamia alinunuliwa kwa nyama, tundu la kwato halikuwa kitu.

Na katika kitabu hicho hicho imetajwa kuwa Ibn Sirin aliuza kondoo, akamwambia mnunuzi kwamba kondoo yule ana aibu, huyapindua majani ya kulishwa kwa mguu wake. Wangapi leo wangeiita hiyo aibu? Walakini malisho ni mali, na atakayeyanunua ni yule mnunuzi.

Siku hizi wako watu wafugao hata nyoka kwa kutazamwa, wakawauza. Huyo mlango huu haumhusu, kwani kwa Shafii bei ya nyoka na wadudu wasio na manufaa haisihi asilani, awe mzima au mwenye kilema. Wametoa ruba tu, kwa kuwa hufyonza damu ya mgonjwa.

Turejee kwa mbuzi wa Ikinga, na mwezi uwe ni Mfunguo Tatu, watu wataka wa udhuhia. Sasa lile sikio ambalo mchinjaji wa sokoni halitazami limekuwa ndiyo bei yenyewe. Aliyekatwa kipande cha sikio, hata kidogo, kikabanduka, hatoshi kwa udhuhia. Aliyepasuliwa au kutobolewa bila ya kupungukiwa na kitu atosha. Kwa hivyo hereni za kutambulisha mifugo, zilizotokana na sheria ya mwaka 2010, hazidhuru. Asiye na pembe atosha pia. Mwenye mimba, ambaye mfugaji humnunua kwa bei ya juu, hatoshi kwa kauli inayotegemewa. Na mbuzi sharti awe amekamilisha miaka miwili. Hapa ndipo ulimi wa mwuzaji uhitajipo zaidi, kwani si kila mtu ajuaye kusoma meno.

Wako wajikingao kwa kusema, "Nakuuzia kama ulivyomwona." Neno hili halimtoi mtu. Kwa Shafii, mwenye kushurutisha kwamba hana dhamana ya aibu, huokoka na aibu moja tu katika mnyama: ile ya ndani, iliyofichika, naye mwenyewe hakuijua. Aliyoijua imo shingoni mwake. Kibali cha daktari wa mifugo nacho hakimtoi, kwani hutazama maradhi, hakitazami kama mbuzi amezuiwa kukamwa ili kiwele kijae. Hilo Mtume (s.a.w.) alilikataza, akampa mnunuzi hiari ya kumrejesha mnyama pamoja na pishi ya tende.

Mnunuzi aionapo aibu iliyokuwako tangu kwa mwuzaji, ana hiari ya kumrejesha, lakini amrejeshe upesi. Akiendelea kumkama na kumtumia, hiari yake imekwisha. Na asipoijua ila baada ya kuchinja, marejesho hayawezekani, basi hulipwa upungufu kwa hesabu. Akiwa mbuzi mzima thamani yake ni shilingi 200,000, na kwa aibu ile ni 150,000, upungufu ni robo. Ikiwa alimnunua kwa 160,000, hurudishiwa 40,000.

Hiyo ni hesabu ya fedha. Aliyekusanya mwaka mzima akachinja mbuzi asiyetosha, amechinja nyama tu. Akiambiwa mapema aweza kuchinja mwingine, maadamu jua la tarehe 13 ya Mfunguo Tatu halijatua. Mwuzaji akikiri tarehe 14, zile 40,000 zitarudi, na wakati wa udhuhia umekwisha kupita.