TUJIFUNZE HISTORIA NA SERIKALI YA INCHI YETU



Sisi wa klasi ya sita tunakaribia Examen d'Etat. Katika kazi ya kiltire jenerale tutaulizwa historia, jografia na sivisme. Kwa hiyo tunapenda kuwashirikisha mambo tuliyojifunza, pia na makosa yetu, ili ninyi wa klasi za chini msianguke pale tulipoanguka.

Siku moja tulikaa watu wanne chini ya mwembe, kila mtu na kaye yake, tukaanza kuulizana. Mmoja anasema: "1885?" Mwingine anajibu: "Etat Indépendant du Congo." "1908?" "Congo Belge." "1960?" "Uhuru." Tulikuwa tunajibu mbio sana, tukafurahi. Nkambo wa mwenzetu alikuwa kwenye kiti, anatusikiliza. Akatuuliza: "Batoto, na mu 1908, juu ya nini ilibadilika?" Tukanyamaza wote. Tulikuwa na miaka tu, bila habari yenyewe.

Nkambo akacheka, akasema: "Mi sikuhamaka mu hii lupango ya baba. Majina njo ilikuwa inatembea." Siku ile tukatupa orodha yetu na kuanza upya. Hili ndilo somo tulilolipata.

1. MAJINA YA INCHI

Tangu 1885 hadi 1908 inchi ilikuwa mali ya mfalme Léopold II, yeye peke yake, si ya Ubeleji. Watu walilazimishwa kuleta mpira na pembe za ndovu. Wengi walipigwa, walikatwa mikono, waliuawa. Habari zikafika Ulaya na Marekani. Waliozipeleka, baadhi yao ni wamisionari wa Kiprotestanti: William Sheppard, mtu mweusi wa Marekani aliyefanya kazi Kasai, na Alice Harris aliyepiga foto. Kelele ikazidi, na tarehe 15 Novemba 1908 Ubeleji ikachukua inchi toka mikononi mwa mfalme. Hilo ndilo jibu la nkambo. Lakini kazi ya kulazimishwa haikuisha siku hiyo.

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Joseph Kasa-Vubu akawa prezida, Patrice Lumumba waziri mkuu. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akachukua mamlaka kwa nguvu ya jeshi. Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi ikaitwa Zaïre, na tarehe 17 Mei 1997, Laurent-Désiré Kabila aliposhika mamlaka, ikarudia jina la Kongo.

Hata masomo yetu yaliguswa. Mwaka wa 1974 Leta ilinyanganya makanisa masomo yao, na mwaka wa 1977 ikafanya mapatano nayo ili yayaongoze tena. Ndiyo sababu masomo kama letu yanaitwa "conventionné". Tulikuwa tunaliandika neno lile juu ya kaye kila mwaka, bila kujua maana yake.

2. MAJINA YA JIMBO LETU

Hapa wengi wanakosa. Nkambo alizaliwa Albertville, katika jimbo la Katanga. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe akatenga Katanga na Kongo. Mambo hayo yakaisha Januari 1963. Watu wengi wa upande wetu wa kaskazini walikataa utengano ule, wakamfuata Jason Sendwe wa chama cha Balubakat. Mwaka wa 1962 kukawa jimbo la Nord-Katanga, na Albertville ikawa mji mkuu wake. Sendwe aliliongoza, aliuawa humu humu mjini Juni 1964, wakati wa uasi. Kisha Katanga ikaunganishwa tena, ikaitwa Shaba wakati wa Mobutu, ikarudia jina la Katanga 1997. Mwaka wa 2015 ikagawanywa mara ine: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kalemie ikawa tena mji mkuu wa jimbo.

Basi hesabuni: mtu mmoja, lupango moja, na majina mangapi? Hata feza ilibadilika mikononi mwake: franka, zaïre (1967), zaïre mpya (1993), na tena franka (1998).

3. SERIKALI YA LEO

Katiba yetu ilikubaliwa na watu kwa kura mwaka wa 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Ilirekebishwa kidogo mwaka wa 2011. Inataja vyombo vine: Prezida, Parlema, Serikali, na Mahakama. Parlema iko na nyumba mbili: Bunge la Taifa lenye wadepite 500, na Senati. Majimbo ni 25, pamoja na mji wa Kinshasa.

Kosa letu kubwa lilikuwa hapa. Mmoja wetu aliandika: "Gavana anachaguliwa na watu wote." Mwingine akasema: "Hapana, anatajwa na Prezida." Wote wawili walikosa. Shikeni hivi:

– Prezida anachaguliwa na watu wote, kwa miaka mitano, naye anaweza kurudia mara moja tu.
– Wadepite wa taifa na wa jimbo wanachaguliwa na watu.
– Wasenata na gavana wanachaguliwa na wadepite wa jimbo. Kisha Prezida anamthibitisha gavana kwa amri yake.
– Waziri mkuu anatajwa na Prezida, kutoka upande wenye wadepite wengi.

Angalieni vizuri. Yule depite wa jimbo ambaye watu wanamchagua bila kufikiri, kwa sababu alitoa chumvi na sabuni, ndiye atakayemchagua gavana na senata kwa jina lako. Kura moja inazaa tatu. Ukiwa na miaka 18 utapiga kura, na wengi wetu tumekwisha kufika au tuko karibu.

4. NANI NI RAIA?

Kifungu cha 10 kinasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganyiki na wa inchi ingine. Raia wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wake na udongo wake vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru. Kifungu cha 12 kinasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria.

Maneno haya si ya egzamen tu. Tangu 2013, na zaidi sana 2016 na 2017, Watwa na Waluba walipigana katika jimbo letu. Vijiji viliungua, watu wengi wakakimbilia kambi karibu na Kalemie. Siku tuliposoma kifungu cha 12, wenzetu wawili katika kundi letu walikuwa watoto wa pande hizo mbili. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mmoja akasema: "Kama tungejua hii mapema, na wakubwa wangejua." Tangu siku ile wanakaa kwenye banki moja na kutumia buku moja. Hatusemi kwamba kifungu kimoja kinamaliza vita. Lakini mtu asiyejua haki ya mwenzake ni rahisi kumdanganya.

5. NAMNA YA KUSOMA

Kwanza, usikariri mwaka bila kuuliza: "Juu ya nini?" Pili, peleka kaye yako kwa wazee wa kwenu, waulize walikuwa wapi siku ile, kisha linganisha na buku, kwa maana mzee naye anaweza kusahau. Tatu, someni wengi pamoja, na yule asiyejua asichekwe.

MAULIZO YA KUJIPIMA
1) Juu ya nini Kongo ilitoka mikononi mwa Léopold II mwaka wa 1908?
2) Jimbo la Nord-Katanga lilianza mwaka gani, na mji wake mkuu ulikuwa gani?
3) Nani anamchagua gavana?
4) Kifungu cha 12 kinasema nini?

Usiangalie majibu juu mbele ya kuandika yako. Ukikosa, usihuzunike: hata sisi nkambo alitunyamazisha kwa ulizo moja tu.

Sisi wenzenu wa klasi ya sita.