Tumbo la Mwenye Hofu

JUMATANO

Soma 1 Wafalme 19:3-8. Eliya alipewa nini kabla ya kuulizwa swali la fungu la 9?

______________________________

Saa nane mchana, mwenye meza ya nguo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, analetewa wali maharage na mama lishe. Anakula amesimama, jicho kwa mteja, na moyoni kuna rejesho la mkopo la jioni. Kijiko cha tano tu, chembe ya moyo inawaka.

Muumba aliunganisha ubongo na tumbo kwa neva ndefu iitwayo vagasi, ipitayo shingoni na kifuani. Harufu ya chakula peke yake hutosha: ubongo hutuma habari, na tumbo huanza kutoa asidi kabla tonge halijafika. Hofu inapoingia, neva nyingine hubana mishipa ya damu ya tumbo, na damu huelekezwa kwenye misuli, kana kwamba mtu anajiandaa kukimbia. Chakula hukaa tumboni. Tena damu hiyo ndiyo inayowezesha ukuta wa tumbo kutengeneza ute wa kuukinga na asidi yake yenyewe.

Mwaka 1822 huko Marekani, Alexis St. Martin alipigwa risasi, akabaki na tundu tumboni lisiloziba. Daktari wake, William Beaumont, alichungulia humo kwa miaka kadhaa. Aliona kwamba hasira na woga vilibadilisha rangi ya ukuta wa tumbo, na mmeng'enyo ukachelewa.

Hata hivyo, mgonjwa wa vidonda vya tumbo asiambiwe kwamba ni mawazo tu, au kwamba imani yake ni haba. Maneno hayo yameumiza wengi. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria aina ya Helikobakta pailori, ambao husababisha vidonda hivyo. Dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki nazo huvileta. Anayenunua vidonge vya kupunguza asidi kila wiki bila kupimwa huenda ananyamazisha maumivu, huku kidonda kikiendelea. Choo cheusi kama lami, au kutapika damu, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Rudi kwa Eliya, aliyemkimbia Yezebeli: usingizi, mkate na maji, usingizi tena, chakula tena. Hakukemewa.

Jadilini: Wenye meza Kariakoo hawawezi kufunga biashara mchana. Ni nani darasani awezaye kumshikia mwenzake meza dakika ishirini, ili ale ameketi?