Kugawa Shamba la Mlimani Bila Kuuharibu Udongo

Mkulima, ukitaka kuwagawia wanao shamba lililo kwenye mteremko, usianze kwa kamba ya kupimia. Anza kwa kulitazama shamba mvua inyeshapo. Angalia maji yaingilia wapi na yatokea wapi, nayo ni safi au mekundu. Mizizi ya miti ikiwa wazi, ujue udongo umekwisha kuondoka.

Desturi ya wengi ni kukata vipande virefu toka barabarani hata mtoni, ili kila mtoto apate njia na maji. Haki ipo, lakini hasara yake ni kubwa. Tuseme shamba ni eka 4, upana futi 264 na urefu futi 660 kushuka bondeni. Ukiwagawia wana 4 namna hiyo, kila mmoja atapata upana wa futi 66 tu, na mipaka 3 ya kati itashuka mlima futi 1,980 kwa jumla. Kando ya mpaka hupita watu na ng'ombe. Njia hugeuka mtaro, na mtaro hugeuka korongo. Tena kipande chembamba hivyo ni vigumu kukilima kwa kukingama mteremko, basi mtu hulima kwa kushuka.

Mipaka ikikingama mteremko, yote 3 itakuwa futi 792 tu, na kila mmoja waweza kuwa kinga ya maji. Katika Machakos, ambako miaka ya 1930 udongo ulichukuliwa sana, wakulima waliokoa milima yao kwa makinga ya fanya juu: huchimba mtaro wa kina cha futi 2 hivi, udongo wakautupa upande wa juu, na tuta wakalipanda majani. Njia ya kupita iwe moja, pembeni, nayo iwe na majani.

Wa chini atanung'unika kuwa yu mbali na barabara, na wa juu kuwa udongo wake ni hafifu. Wasikilize, mwenye udongo hafifu aongezewe eneo. Lakini ugomvi mkubwa huzuka maji ya mtaro wa juu yamwagwapo katika shamba la ndugu wa chini. Kubalianeni mahali pa kuyatolea, penye majani mengi, kabla ya kuiendea Bodi ya Ardhi kuomba idhini, kwa kuwa vigingi vikisha kutiwa ni taabu kuving'oa.

Chemchemi na ukingo wa mto visigawiwe mtu. Viwe vya wote, na miti yake isikatwe.