SOMO LETU: UA PEKE YAKE HAUTOSHI



Tukitembelea vikundi vilivyo karibu na mbuga, tunaulizwa: "Hao vifaru wanajengewa ua wa stima, na sisi je?" Hilo ni swali la haki. Leo tulifikirie pamoja.

TUONE
Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi karibu 20,000. Majangili waliwamaliza kwa ajili ya pembe, hata mwisho wa miaka ya 1980 wakabaki chini ya 400. Tena walitawanyika, dume huku, jike kule, wasikutane kuzaana. Ndipo wakaanza kukusanywa ndani ya ua, kama pale Ngulia, Tsavo Magharibi, mwaka 1986.

Mbuzi hubeba mimba miezi 5. Kifaru hubeba miezi 15 au zaidi, na kwa kawaida huzaa ndama mmoja tu. Ukimpoteza mmoja umepoteza miaka. Lakini subira imezaa matunda: mwisho wa 2023 walihesabiwa zaidi ya 1,000.

TUFIKIRI
Mwaka 2018 vifaru 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru hadi ua mpya Tsavo Mashariki. Ua ulikuwepo, lakini maji ya kisima yalikuwa na chumvi nyingi. Mnyama akinywa, kiu inazidi, anakunywa tena. Kumi walikufa. Wa kumi na moja alishambuliwa na simba, naye akafa.

Tunajifunza nini? Ua huzuia adui, lakini haulishi wala haunyweshi. Kabla ya kusimamisha nguzo, maji yapimwe, malisho yaangaliwe, na wenyeji waulizwe.

TUTENDE
1. Nyasi na matawi yakigusa waya, nguvu ya stima hupungua. Kikundi kinaweza kuomba kazi ya kufyeka kando ya ua.
2. Ukiona waya umekatwa, au mtego umetegwa, mjulishe askari wa wanyama au chifu siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.
3. Ua ukipangwa kwenu, itisheni baraza mapema. Ng'ombe watanywa wapi? Kuni zitaokotwa wapi? Ndovu akivuka usiku, aitwe nani? Mkikubaliana, yaandikwe na kutiwa sahihi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA
Ua ulio karibu nasi umetuletea nini? Umetuondolea nini? Tukikutana na wasimamizi wa mbuga, jambo letu la kwanza ni lipi?