Papa, Dada na Mama: Sauti Moja, Maana Mbali Mbali



Mwezi wa Aprili 2025, habari za kufariki kwa Papa Fransisko zilipotangazwa, mtoto mmoja wa darasa letu la Kipaimara aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, mbona wenzetu wa Roma wamempa mzee wao jina la samaki anayekula watu?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, na sababu yake nitaieleza punde.

Swali lilikuwa la haki. Mvuvi wa pwani akisema papa, anamtaja samaki yule mwenye meno, ambaye akikaushwa kwa chumvi harufu yake haimpiti mtu sokoni. Lakini jina la askofu wa Roma halikutoka baharini. Latoka kwa Wayunani, ambao watoto wao walimwita baba kwa neno la namna hiyo, na kwa Kilatini likawa papa. Zamani maaskofu wengi waliitwa hivyo kwa heshima, si yule wa Roma peke yake. Hata leo mkuu wa Kanisa la Wakopti wa Misri ni Papa wa Aleksandria. Neno letu na neno la Wayunani yamekutana kwa sauti tu, kama wasafiri wawili waliovaa kanzu za kitambaa kimoja, na hali hawajuani.

Sasa niwaambie kwa nini sikucheka. Mwaka 1984 nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, nafundisha Kiswahili katika shule moja ya pwani. Niliwapa watoto insha, "Jamaa Zangu". Mvulana mmoja wa Kihindi, ambaye nyumbani kwao walisema Kigujarati, aliandika kwamba dada yake alikuwa na ndevu nyeupe, kwamba alimfundisha kuhesabu fedha dukani, na kwamba amefariki juma lililopita. Nikaisoma insha ile mbele ya darasa zima. Watoto wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, kisha nikapiga mstari mwekundu chini ya neno dada. Mtoto akainamisha kichwa juu ya dawati.

Jioni mwalimu mwenzangu, aliyekulia jirani na maduka yale, akaniambia, "Ndugu yangu, kwa Kigujarati dada ni babu, mzaa baba." Kumbe mtoto alikuwa msibani. Kesho yake nilimwomba radhi, lakini nilimwita kando, na kicheko kilikuwa cha hadharani. Hilo halijanitoka.

Tangu hapo nimekuwa nikiokota maneno ya namna hii. Mturuki akisema baba, amesema kama sisi. Myoruba wa Nigeria vile vile, na Mchina pia. Lakini Mrusi akisema baba, anamtaja mwanamke, tena si kwa adabu sana. Na kwa Wabulgaria baba ni bibi, mama wa mzazi. Tata ni baba kwa wasemao Kilingala, na ni baba kwa Wapolandi walio kando ya bahari ya baridi huko Ulaya.

La ajabu kuliko yote liko Georgia, nchi iliyo kati ya Urusi na Uturuki. Kanisa la huko ni la kale sana. Nchi ilipokea Ukristo katika karne ya 4, siku za mfalme Mirian, kwa mahubiri ya mwanamke, Mtakatifu Nino. Kwa lugha yao mzazi wa kiume huitwa mama, na mzazi wa kike huitwa deda. Basi Mgeorgia akianza Sala ya Bwana, neno lake la kwanza ni Mamao, wala hakubadili lolote: anamwita Baba, kama tumwitavyo sisi. Mtu wa kwetu akisimama nyuma ya kanisa lao angeweza kurudi nyumbani na habari za uzushi mkubwa.

Mbona sauti hizi zarudi kila mahali? Mtaalamu wa lugha Roman Jakobson, aliyezaliwa Urusi na kufundisha Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1959. Mtoto mchanga hana meno, na ulimi wake haujazoea kazi. Awezalo ni kufunga midomo na kuifungua, ma, ba, pa. Au kugusa ufizi kwa ulimi, da, ta. Anaponyonya hutoa mlio wa puani, nao ndio m. Mtoto hajamtaja mtu bado. Ni sisi wazazi, kwa furaha yetu, tunaodai kwamba tumetajwa! Na kila taifa limezigawa sauti hizo chache kwa jamaa kwa namna yake.

Nalisema hili kwa kuwa nimesikia, hata mimbarini, kwamba baba ya Kiswahili yatokana na Abba ya Kiaramu, ile iliyomo katika Marko 14, Warumi 8 na Wagalatia 4, na kwamba eti huo ni ushahidi kuwa sisi tu wa ukoo wa Israeli. Siafiki. Midomo ya watoto yatosha kueleza mfanano huo. Undugu wa lugha hautafutwi katika neno moja. Sisi twasema mtu na tatu. Mganda husema omuntu na ssatu, Mzulu umuntu na thathu. Maneno mengi yakiandamana hivi, hapo pana ukoo.

Pengine mfanano huwa wa kweli kwa njia ya kukopa. Amina ya mwisho wa sala ni ya Kiebrania, na imani, amini na amana tumezipokea kwa Waarabu. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na shina la maneno hayo ni moja, lenye maana ya uthabiti na kutegemewa. Mhubiri akitaka kujenga, na ajenge hapo.

Kwa darasa la Biblia la Jumatano someni Mathayo 27:46–49. Waliosimama msalabani walisikia Eli, yaani Mungu wangu, wakadhani ni Eliya aitwaye, wakangoja waone kama atakuja. Tutazungumza juu ya kungoja kwao. Kisha kila mmoja aje na maneno ya kwao ya baba, mama, babu, bibi na dada, nasi tutayaandika ubaoni. Yule mtoto wa swali la papa ameahidi kuleta ya Kidigo kutoka kwa bibi yake.